Mtu wa mwisho duniani akiteketeza msitu wa mwisho, kakosea nini?

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Kuna swali limenikaa kichwani muda mrefu, nimeona nilete hapa tulichambue kwa utulivu. Chukulia watu wote duniani wamekufa, amebaki mmoja tu. Anajua fika kwamba hakuna atakayezaliwa baada yake, na yeye mwenyewe zimebaki saa chache akate roho. Mbele yake kuna kitufe. Akikibonyeza, kila kilicho hai kinateketea pamoja naye: misitu, samaki, ndege, wadudu, hadi kuvu iliyo chini ya udongo. Hakuna mtu atakayeumia, kwa sababu hakuna mtu. Hakuna mjukuu atakayekosa kivuli. Anabonyeza.

Je, amefanya kosa?

Swali si langu. Liliulizwa mwaka 1973 na mwanafalsafa Richard Routley, kwenye kongamano la falsafa lililofanyika Varna, Bulgaria. Alikuwa analenga kipimo kimoja tulichozoea kupimia mema na mabaya: umemdhuru nani? Na kwenye kipimo hicho "nani" maana yake ni mtu. Kwa kipimo hicho mtu wa mwisho hana hatia yoyote. Lakini msimulie mtu yeyote kisa hiki umwangalie usoni. Wengi moyo unakataa. Sasa moyo ukikataa na kipimo kikakubali, ama moyo umepotoka, ama kipimo ni kifupi.

Mimi naamini kipimo ni kifupi, na ndiyo maana naona mazungumzo yetu mengi kuhusu mazingira yanaanzia katikati ya safari. Tunahimizana tutunze misitu ili tupate mvua, tulinde nyuki ili tupate chakula. Ni kweli tupu, wala sizibezi hoja hizo. Takribani robo tatu ya aina kuu za mazao ya chakula duniani zinategemea, kwa kiasi kikubwa au kidogo, nyuki na wachavushaji wengine. Ila hoja ya faida inamlinda mwenye faida peke yake, na inamlinda kwa muda ule tu faida inapodumu. Siku tukipata mashine ya kuchavusha, nyuki atabaki na wakili gani?

Tena faida yenyewe mara nyingine ndiyo inayomaliza. Mwaka 1741 mtaalamu wa viumbe Georg Steller, baada ya meli yao kuvunjika kwenye kisiwa cha Bahari ya Bering, alieleza habari za nguva mkubwa ajabu, mwenye urefu wa karibu mita nane, mpole, anayekula mwani ufukweni. Nyama yake ilikuwa nzuri na mafuta yake mengi. Wawindaji wa manyoya waliopita njia ile wakamfanya akiba ya safari. Kufikia 1768 alikuwa hayupo. Miaka 27 kutoka kujulikana na wanasayansi hadi kwisha. Huyu hakupungukiwa na faida. Faida ilikuwa imemjaa mwili mzima.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: vilivyo hai vina thamani yao ambayo haianzi pale sisi tunapovihitaji. Tukikubali hilo, tunabeba mzigo mzito kuliko watu wanavyofikiri, maana kuna mahali itatubidi kudhuru kiumbe kisicho na kosa ili kulinda kingine, na hata tukiwa sahihi bado tutakuwa tumebaki na deni. Hilo la deni ndilo hasa nataka tulizungumze, lakini najua tutapita kwanza kwenye mengine.

Karibuni. Naomba tujadili hoja, tusijadili watu.

#2 – Mchangiaji

Mkuu, uzi mzuri, ila msingi wake naona una ufa. Thamani ni kazi ya anayethamini. Dhahabu ina thamani kwa sababu kuna watu wanaitaka. Ondoa watu wote, dhahabu inabaki jiwe la njano. Sasa mtu wa mwisho akishakufa, msitu unathaminiwa na nani? Nadhani moyo unakataa kwa sababu sisi tunaosikiliza kisa bado tupo, tunauona huo msitu kichwani na kuusikitikia. Umetuondoa kwenye kisa lakini tumerudi kwa mlango wa nyuma.

#3 – Mleta uzi

Mkuu wa #2, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wa pili, na nakushukuru kwa kuianza mapema.

Nakubaliana nawe nusu. Neno "thamani" linahitaji mtu wa kulitamka. Lakini anayetambua kitu na sababu inayokifanya kitambulike ni vitu viwili. Mimi nikisema maumivu ya mbwa aliyekanyagwa ni mabaya, ninayesema ni mimi, ila ubaya wenyewe uko kwa mbwa. Haukusubiri nifike. Hata angekanyagwa usiku, mahali pasipo na mtu, angeumia vilevile, na ningekuja kujua baadaye ningesema "aliumia", wala nisingesema "ameanza kuumia sasa baada ya mimi kujua".

Dhahabu ni mfano unaokusaidia kwa sababu dhahabu haina inalolitaka. Jiwe ukilipasua vipande viwili unapata mawe mawili. Kiumbe hai ni tofauti. Mche uliopandwa gizani unajipinda kufuata upenyo wa mwanga. Ukiukata tawi unaziba jeraha. Sisemi mti una mawazo, sina ushahidi wa hilo. Nasema kuna mambo yanayouendea vizuri na mambo yanayouendea vibaya, na hayo hayategemei kama mimi naupenda au siupendi. Jiwe halina hali nzuri wala mbaya. Mti unazo.

Kuhusu mlango wa nyuma: ni kweli tunasikiliza tukiwa hai. Lakini kwa mantiki hiyo hata kumdanganya mtu anayekufa, ukamwahidi utalitunza kaburi lake halafu usilitunze, kusingekuwa kosa, kwa kuwa anayeliona kosa ni msikilizaji tu. Sidhani kama uko tayari kufika huko.

#4 – Mchangiaji

Samahani wakuu, mimi ni mtu wa mambo ya kawaida. Hizi hoja zinapendeza, lakini kila jioni naua mbu. Nikikubali kwamba kila kilicho hai kina thamani yake, mimi ni muuaji? Na dawa ninazokunywa kuua minyoo? Naomba jibu la moja kwa moja tafadhali.

#5 – Mleta uzi

Jibu la moja kwa moja: ua mbu anayekuja kumuuma mwanao, na usiombe radhi kwa mtu. Malaria inaua watu zaidi ya nusu milioni kila mwaka, wengi wao watoto wadogo. Kuwa na thamani hakumaanishi kuwa na haki ya kutoguswa. Kila mnyama anajikinga, na sisi ni wanyama.

Panapobadilika ni kati ya kujikinga na kufuta. Kuna aina zaidi ya 3,500 za mbu. Zinazobeba malaria kwa binadamu ni makumi kadhaa tu, zote za jenasi ya Anofelesi, na hata hizo anayeuma ni jike. Dume anaishi kwa maji matamu ya maua. Mtu akisema "tuwamalize mbu wote duniani" atakuwa amepita kiasi cha kujikinga na kuingia kwenye kitu kingine. Akisema tuwamalize wale wachache wanaoua watoto, hapo mimi namsikiliza kwa makini, na sitajifanya jibu ni rahisi.

Tumewahi kufuta, tena kwa fahari. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1980 kwamba ndui imekwisha. Virusi vyake vilivyobaki vinajulikana rasmi kuwa kwenye maabara mbili, moja Marekani na nyingine Urusi. Ingeamuliwa kesho viteketezwe, mimi nisingelia. Kirusi hakina hali nzuri wala mbaya ninayoweza kuielewa, na alichofanya kwa wanadamu kwa karne nyingi kinatisha. Nalisema hili wazi ili asije mtu akadhani natetea kila kitu kwa uzito sawa.

#6 – Mchangiaji

Nimekuwa nikifuatilia kimya. Mimi mtazamo wangu uko karibu na wa mwanafalsafa Peter Singer: kinachohesabika ni kuumia. Kiumbe kinachoweza kuhisi maumivu kina madai juu yetu, kisichohisi hakina. Ni rahisi, ni wa haki, hauhitaji kuzungumzia "thamani" ya msitu. Sasa mleta uzi ametaja kwenye #1 kwamba wakati mwingine tutalazimika kudhuru asiye na kosa ili kulinda kingine. Hapo ndipo nashtuka. Tom Regan, aliyetetea haki za wanyama, aliita mtazamo wa kuangalia mfumo mzima na kumtoa kafara mnyama mmojammoja "ufashisti wa mazingira". Leo mbuzi, kesho nani? Kama ustawi wa jumla ndio kipimo, binadamu ndiye aliyezidi idadi kuliko wote.

#7 – Mleta uzi

Umegusa kidonda chenyewe, mkuu. Umetaja mbuzi, basi ngoja nizungumzie mbuzi.

Visiwa vya Galápagos, Ekwado. Kwa karne kadhaa mabaharia, maharamia na wavuvi wa nyangumi walikuwa wakitia nanga pale kubeba kobe wakubwa. Kobe wale wanaweza kukaa miezi mingi kwenye ngama ya meli bila chakula wala maji na wasife, kwa hiyo walikuwa nyama isiyoharibika. Inakadiriwa walichukuliwa zaidi ya 100,000. Wageni hao hao na walowezi wakaacha mbuzi visiwani ili wakirudi wakute kitoweo. Kisiwani Pinta, mwaka 1959, wavuvi waliacha mbuzi watatu tu. Miaka kama kumi na tano baadaye walikuwa makumi ya maelfu.

Mbuzi hana adabu mbaya, ana njaa tu. Akala majani, akala magome, akala miche. Kobe hawezi kumshinda mbio wala kumfuata mwambani. Vivuli vikaisha, vidimbwi vya maji vikakauka, kobe waliobaki wakakosa cha kula.

Kuanzia 1997 hadi 2006 ukafanyika mradi wa kuwaondoa mbuzi kwenye visiwa vikubwa, kaskazini mwa Isabela na Santiago. Waliuawa zaidi ya 150,000. Wawindaji walitumia helikopta. Na walipobaki wachache waliojificha, ikatumika mbinu ambayo nilipoisoma mara ya kwanza niliacha kusoma nikatoka nje kidogo. Walichukua mbuzi jike, wakamfunga uzazi, wakamtia homoni ili abaki akitaka dume muda mrefu, wakamvisha kola ya redio, wakamwachia. Mbuzi ni mnyama wa kundi, hawezi kukaa peke yake, kwa hiyo atawatafuta wenzake mpaka awapate. Helikopta inafuata mawimbi ya redio. Inaua kundi, inamwacha yeye. Naye anaanza kutafuta wengine. Walimwita mbuzi Yuda.

Mimea ikarudi. Kobe wakapata chakula.

Kwa kipimo cha maumivu peke yake, mkuu wa #6, utafanya hesabu gani? Mbuzi 150,000 wanaohisi, kila mmoja, dhidi ya kobe elfu kadhaa na mimea isiyohisi chochote. Nadhani utasema mradi ulikuwa kosa. Na kwa kipimo cha mfumo peke yake, kile cha Aldo Leopold, mtaalamu wa misitu wa Marekani, kwamba jambo ni sahihi likielekea kulinda ukamilifu, uthabiti na uzuri wa jamii ya viumbe, utasema mradi ulikuwa sahihi, basi, faili lifungwe.

Mimi siwezi kukaa kwenye kiti chochote kati ya hivyo viwili. Nasema mradi ulikuwa sahihi. Kumwacha mbuzi aendelee ilikuwa ni kuchagua kobe waishe, na mbuzi wapo duniani kote wakati kobe wa kisiwa fulani wapo pale tu. Lakini mbuzi yule hakukosea. Hakuja kwa hiari. Sisi tulimleta kwa ajili ya tumbo letu, akafanya kile mbuzi anachofanya, kisha tukamuua kwa kutumia hamu yake ya kuwa na wenzake. Ukisema "ilikuwa lazima" ukaondoka mikono mitupu, umepoteza kitu. Ulazima unaeleza kwa nini tulifanya. Hauelezi ni nani aliyelipia.

Kuhusu "kesho nani": Leopold mwenyewe hakufundisha kuua watu. Akiwa kijana, kazini kwenye misitu ya Marekani, alimpiga risasi mbwa mwitu akiamini mbwa mwitu wakipungua paa watajaa na wawindaji watafurahi. Baadaye aliishi kuona milima iliyoguguniwa na paa hadi miti ikabaki fimbo. Alichoongeza ni jamii mpya juu ya zile tulizonazo. Ukioa hujaacha kuwa mtoto wa mama yako. Wajibu kwa ardhi unaongezeka juu ya wajibu kwa binadamu, hauufuti.

#8 – Mchangiaji

Mleta uzi naomba nikubane mahali pamoja, na nitasema kwa uchungu kidogo, nisamehe.

Unasema wajibu kwa ardhi hauufuti wajibu kwa binadamu. Kwenye maandishi ni sawa. Kwenye historia ya uhifadhi hali ni nyingine. Bonde la Yosemite, Marekani, lilikuwa na wenyewe, Waahwahneechee. Mwaka 1851 askari waliingia wakawafurusha, kisha pakageuzwa mahali pa kutazama "uasili usioguswa". Yellowstone, hukohuko Marekani, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1872, na katika miaka iliyofuata watu wa asili waliokuwa wakiishi na kuwinda humo wakaondolewa. Halafu mfano huo ukasafirishwa dunia nzima. Mwanahistoria wa India Ramachandra Guha aliandika mwaka 1989 kwamba wazo la nyika tupu, likipelekwa kwenye nchi zenye watu wengi wanaoishi kwa ardhi, linawapora maskini na kuwapa watalii.

Kwa hiyo ninaposikia "viumbe vina thamani yao wenyewe", swali langu la kwanza ni: nani atahamishwa? Mbuzi walilipia, ni kweli. Ila mara nyingi aliyelipia ni mtu, na hakuna aliyemwandikia hata mstari. Na anayetoa hotuba ya kulinda msitu mara nyingi ndiye aliyekwisha maliza wa kwao.

#9 – Mleta uzi

Usiombe msamaha. Hilo linapaswa kusemwa kwa uchungu.

Sina jibu la kukupinga. Nina nyongeza. Kosa la Yosemite lina mzizi uleule wa kosa la nguva wa Steller. Kote kuwili mtu amejiweka nje ya viumbe. Mmoja anasema "niko juu yao, ni mali yangu". Mwingine anasema "binadamu ni uchafu, aondoke ili uasili ubaki safi". Wote wawili hawawezi kumwona mtu anayeishi ndani ya msitu kama sehemu ya msitu. Na mabonde yale hayakuwa "hayajaguswa" hata kidogo. Wenyeji wa Yosemite walikuwa wakichoma nyasi kwa mpangilio, wakitunza mialoni kwa ajili ya mbegu zake. Uwanda ule mzuri ambao wageni waliusifu ulikuwa kazi ya mikono ya watu. Walipoondolewa, misonobari ikaanza kuufunika.

Kuna kisa upande wa pili ambacho nakipenda sana. Mwaka 1968 mwanasayansi wa Marekani Garrett Hardin aliandika makala maarufu: malisho ya pamoja lazima yaharibike, kwa sababu kila mfugaji anaongeza ng'ombe mmoja kwa faida yake na hasara wanagawana wote. Dawa, akasema, ni kubinafsisha au serikali ishike fimbo. Watu wakaamini, na ardhi nyingi za pamoja zikachukuliwa kwa hoja hiyo.

Mtafiti wa Marekani Elinor Ostrom akachunguza habari za wanaoishi hivyo kweli. Mfano mmoja ni kijiji cha Törbel, kwenye milima ya Uswisi. Kanuni yao ya mwaka 1517 inasema hakuna mtu kupeleka malishoni mlimani ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha mwenyewe majira ya baridi. Basi. Hakuna mizani, hakuna mkaguzi kutoka mbali. Ghala lako la majani makavu ndilo linalosema kiasi chako, na jirani anakuona. Malisho yale yamedumu karne kwa karne. Ostrom alikusanya mifano ya namna hiyo kutoka Uhispania, Japani na Ufilipino, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi.

Nachukua mambo mawili hapo. La kwanza, wanaokaa na ardhi wanaweza kuitunza wakiachiwa mamlaka ya kujiwekea sheria. La pili ni gumu zaidi kwa walio mbali: kanuni ya Törbel inafanya kazi kwa sababu anayechukua anaonekana. Sisi tunachukua kwa mkono ambao hatuuoni. Hewa ukaa kabla ya viwanda ilikuwa sehemu kama 280 katika milioni, leo imepita 420, na hakuna jirani aliyesimama mlangoni kuhesabu ng'ombe wetu. Kwa hiyo nakubaliana nawe kuhusu nani atangulie kulipa. Waliochukua zaidi, kwa muda mrefu zaidi, watangulie. Yeyote anayehubiri thamani ya viumbe akamwanzia mnyonge anayekata kuni, ameanza mwisho wa foleni.

#10 – Mchangiaji wa #2

Nimerudi. Hoja ya mbwa aliyekanyagwa usiku imenisumbua, nakiri. Bado sijakubali kwa upande wa mito na milima, ambayo haina hali nzuri wala mbaya kama ulivyosema mwenyewe kuhusu jiwe. Na nimesikia kuna nchi zimeupa mto haki kama mtu. Huo si mchezo wa wanasheria? Mto ukifurika ukaua watu, ushtakiwe?

#11 – Mleta uzi

Mkuu, swali lako la mafuriko liliulizwa mahakamani kweli. Mwaka 2017 mahakama ya jimbo la Uttarakhand, India, ilitamka kwamba mito ya Ganga na Yamuna ni watu kisheria. Serikali ya jimbo ikakimbilia Mahakama ya Juu, moja ya hoja zake ikiwa hiyohiyo: mafuriko yakiua, nani atalipa? Amri ikasimamishwa mwaka huohuo.

Mto Whanganui, Nyuzilandi, ni habari nyingine, na pia ni ya 2017. Pale haikuwa hakimu aliyeamka na wazo. Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, waishio kando ya mto ule walikuwa wakidai tangu miaka ya 1870. Wana msemo wao: mimi ni mto, na mto ni mimi. Sheria iliyopitishwa na bunge inautambua mto kama kitu kimoja kutoka mlimani hadi baharini, na inaweka watu wawili wa kuusemea, mmoja akiteuliwa na serikali na mwingine na koo zenyewe. Ukitaka kufanya jambo kwenye mto, kuna wa kukaa naye mezani.

Kampuni nayo haina moyo wala mapafu, na tumeipa utu wa kisheria siku nyingi, inamiliki, inashtaki, inashtakiwa. Hatukuuliza kama inahisi. Tulihitaji chombo cha kubeba madai. Kwa mto mimi nasema hivyohivyo. Mto wenyewe kama maji hauna hali nzuri wala mbaya, hapo umenishika na nakubali. Ila ndani yake na kandoni mwake kuna maelfu ya viumbe ambavyo vina hali hiyo, na watu ambao maisha yao hayatenganishiki nao. Utu wa mto ni namna ya kuwapa wote hao sauti moja.

#12 – Mchangiaji wa #6

Mleta uzi, kabla uzi haujapoa. Umesema tunabaki na deni hata tukiwa sahihi. Deni kwa nani? Mbuzi wamekufa. Huwezi kumlipa maiti.

#13 – Mleta uzi

Swali hili nimelisubiri na bado halijanikalia sawa, kwa hiyo nitakujibu kwa kukusimulia kilichotokea Pinta, kile kisiwa cha mbuzi watatu.

Kobe wa Pinta walidhaniwa wamekwisha. Mwaka 1971 akaonekana mmoja, dume. Wakamchukua kumtunza, wakamtafutia jike wa aina yake dunia nzima, hakupatikana. Wakamweka na majike wa aina za jirani, mayai yakatagwa, hayakuanguliwa. Aliishi hivyo miaka 40. Walimwita George Mpweke. Alikufa tarehe 24 Juni 2012, na aina yake ikaishia pale. Ukikumbuka kisa changu cha mwanzo, huyu ndiye wa mwisho halisi, na kitufe hakikuwa mikononi mwake.

Mbuzi wa Pinta walikuwa wameshaondolewa. Vichaka vikarudi, lakini vikarudi vibaya, vikasongamana, kwa sababu kisiwa kile kilizoea kobe wazito wanaofyeka njia wakitembea, wanaokula matunda na kuzibeba mbegu tumboni. Kwa hiyo mwaka 2010, George akiwa bado hai kituoni, walipelekwa Pinta kobe 39 waliokuwa wamelelewa kizuizini, wa nasaba mchanganyiko. Wote walifungwa uzazi kwanza, ili wasije kujaza kisiwa kwa ukoo usio wake. Walipelekwa kufanya kazi ya walioondoka.

Kwa hiyo unaniuliza deni analipwa nani. Mbuzi halipwi, umesema kweli. George hakulipwa. Wale 39 nao ukiwatazama ni mkopo mwingine: tumewanyima uzao ili kurekebisha tulichoharibu sisi. Mimi nikiambiwa nipige kura, ningeupigia mradi ule kura ya ndiyo, na usiku nisingelala vizuri, na naona vyote viwili vinapaswa kuwepo. Wanaofanya kazi hizi wakianza kulala vizuri, watafanya ya pili kwa wepesi na ya tatu bila kuuliza.

Kobe anaweza kuishi zaidi ya miaka mia. Wakijaliwa, wale waliopelekwa watakuwa bado wanafyeka vichaka vya Pinta wakati wengi wetu tuliochangia uzi huu tumeshaondoka.